Sauti za Olal

Kila asubuhi, kwenye kambi ya polisi Nsambya, Akullo hukaanga simsim, yaani ufuta, ya kuuza. Bintiye Abalo huwa bado amelala. Akullo huweka simu kando ya jiko, akasikiliza sauti za mumewe, Olal, alizomtumia kwa wasapu akiwa kwenye kazi ya polisi huko mbali Karamoja. Olal alifariki mwaka juzi. Lakini harufu ya simsim ikipanda na sauti ile ikisema, Akullo huona kama mume yuko chumbani anatafuta viatu. Kwa dakika chache si mjane. Utamu ulioje!

Jumatatu moja simu iliita. Mwanamume akafoka kwa Kiswahili, "Mke wa marehemu Olal! Hapa ni afande wa makao makuu. Namba sita zimeingia kwenye simu yako. Zisome!"

Sasa wewe, mtu wa kambini, amri ikija kwa Kiswahili, lugha ya askari kwetu, utauliza maswali? Akullo alisimama wima, mwiko mkononi. "Ndiyo, afande." Akazisoma zote sita.

Loo! Papo hapo wasapu ikajifunga. Sauti za Olal hazikufunguka tena.

Akullo alitaka kuifuta wasapu aiweke upya. Kidole kilishafika kwenye kitufe. Hapo Zulaika, jirani yake, akapiga hodi kufuata simsim. Zulaika hufanya kazi kwenye ofisi ya serikali ya usalama wa mitandao. Akullo akamsimulia yote.

"Usifute, Mama Abalo! Ukifuta, sauti zinaweza kupotea kabisa."

"Lakini dada, ofisi yenu si huhudumia wizara za serikali tu?"

"Ilikuwa hivyo. Sheria imebadilishwa, kazi yetu imepanuliwa. Sasa hata mkaanga simsim ni wetu."

Akullo akacheka huku machozi yanamtoka.

"Namba zile ni ufunguo wa nyumba yako," Zulaika alisema. "Usimpe mtu. Afande wa kweli hazihitaji."

Waliomba wasapu itume namba sita mpya, zikaja, na mwizi akatolewa. Lakini alikwisha kuweka namba yake ya siri, na wasapu ikaidai kabla ya kufunguka. "Itabidi tusubiri siku saba, ndipo wasapu ikubali kuiondoa," alisema Zulaika. "Mimi nitaandika taarifa ofisini, atafutwe."

Siku saba! Akullo alizipita kama anayetembea usingizini. Alikaanga, moshi ukapanda, hakuna aliyesema. Alianza kuisahau sauti yenyewe, na hilo lilimtisha kuliko msiba.

Siku zilipotimia, wasapu ilifunguka. Zulaika alimwonyesha jinsi ya kuweka namba yake mwenyewe ya siri, na kunakili sauti kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu. Ndipo Akullo akabonyeza.

"Akullo," Olal alisema, amechoka, "nimefika salama. Mfunike mtoto, baridi imeingia."

Akullo akaenda kitandani kwa Abalo. Akavuta blanketi mpaka mabegani.

"Nimemfunika, baba yake," akasema.