Mlango Aliouhamisha Kasimiro

Koboko, 1976. Ijumaa, asubuhi.

Fadhul aliuchana ukurasa kwenye daftari bila kuomba ruhusa.

Kasimiro alisikia karatasi ikichanika. Daftari lilikuwa lake. Alilinunua Kairo, akaendelea nalo Roma, akarudi nalo Arua limefungwa kwa kitambaa kama mtoto mchanga. Kabla hajawa fundi wa kuandika majina ya maduka kwa rangi, alikuwa msaidizi wa mpishi kwenye nyumba ya balozi huko ng'ambo. Siku za mapumziko wenzake walikwenda kunywa. Yeye alikwenda makumbusho. Alichora mafarao waliolazwa ndani ya vioo, ngazi za mawe, tramu, wanawake wa marumaru wasio na mikono. Watu wa Koboko walipolifungua daftari hilo waliwacheka wanawake hao, halafu wakaomba kuwaona tena.

Fadhul hakucheka. Alikuwa sajini jeshini mpaka alipofukuzwa, na genge lake bado lilimwita Sajini. Walikuwa chumba cha nyuma cha hoteli ya Hajara, katikati ya magunia ya mihogo mikavu. Alitandaza ukurasa mezani, akaweka bastola juu yake usipeperuke.

"Angalia hapa. Hii mama ni Medina, bibi ya Kapteni. Nyuma yake iko mlango. Hii mlango ni ya stoo. Dhahabu ya Zaire iko ndani, kwa kopo ya maziwa. Ni kweli, fundi?"

"Kweli, Sajini."

"Na stoo iko upande ya jiko?"

Kasimiro alitazama mchoro wake. Ulikuwa mchoro mzuri, aliouchora sebuleni kwa Medina kabla ya kupaka picha yenyewe kwa rangi. Medina ameketi katikati, kabati kubwa upande wa tanki la maji, mlango upande wa jiko, kila kitu kimetulia mahali pake. Mtu akisifiwa kazi yake kwa kuulizwa hivyo, hupumbaa kidogo.

"Kama unavyoona," alisema.

Basi mpango ukawa huo. Saa ya swala ya Ijumaa Kapteni na watu wake wangekuwa msikitini. Kasimiro angepanda Mlima wa Arua, nyumbani kwa Kapteni, na picha aliyoagizwa na Medina, aketi naye barazani, amzuge kwa maneno. Sebit angepita nyuma, ang'oe bawaba za dirisha la upande wa jiko, aingie, atoke. Fadhul angelala kwenye nyasi na bastola. Obeti angengoja na gari.

Sebit alikuwa seremala wa Yei, kule Sudan, aliyekimbilia Koboko wakati wa vita na vita vilipoisha akabaki. Alibaki kwa sababu ya Candiru, dada yake Kasimiro, ambaye sasa alikuwa na mimba kubwa na hasira za karibu. Ni Kasimiro aliyemwambia Sebit habari za kopo aliloliona kwa Medina, kwa umbea tu, wakila. Ni Sebit aliyemwambia Fadhul. Mdomo hauna breki katika ukoo ule.

"Mimi nataka kazi moja tu," Sebit alisema. "Mtoto akizaliwa, mimi natafuta duka ya mbao. Basi."

"Wewe fanya leo kwanza," Fadhul akamjibu.

Obeti alikuwa hasemi siku hizi. Mwaka uliopita alipotea njia wakati genge likikimbia kutoka Nebbi. Fadhul hakumfokea. Alimlaza chini akamvunja mguu kwa chuma cha jeki, kisha akampeleka hospitali mwenyewe na kumnunulia soda. Sasa Obeti alikanyaga klachi kwa mguu uleule, na kila akibadili gia alikunja uso.

Saa nne. Njiani.

Gari lao, Pijo kuukuu, ilikwenda kusini, vumbi nyuma. Fadhul mbele na Obeti. Nyuma, Kasimiro na Sebit, na picha ya Medina katikati yao imefunikwa shuka.

Kasimiro akafungua daftari ili mikono ipate shughuli. Likafunguka penye ngazi za Roma.

Ngazi zile alizichora mara mbili. Mara ya kwanza jinsi zilivyo. Mara ya pili mzee mmoja aliketi kando yake, ambaye kazi yake ilikuwa kunakili picha kwenye makumbusho. Hawakuwa na lugha hata moja ya kuongea. Mzee alitazama, akafyonya, akamnyang'anya penseli, akafuta chemchemi ya maji na kuihamishia ng'ambo ya ngazi. Picha ikapumua. Tangu siku hiyo Kasimiro alihamisha kila kilichomkera. Miti. Nguzo za taa. Kanisa zima aliwahi kulisogeza mtaa wa pili, na usingizi akaupata.

Milango pia.

Akaikumbuka sebule ya Medina. Mlango wa stoo haukuwa upande wa jiko. Ulikuwa upande wa tanki, umebanana na kabati. Upande ule ulilemea mno kwenye karatasi, Medina akaonekana kama anataka kuanguka kitini. Kwa hiyo akauhamisha mlango. Na kule upande wa jiko kulikuwa na mlango mwingine, ambao hakuuchora kabisa, kwa kuwa ulikuwa na buti chafu kizingitini na nani anachora buti kwenye picha ya mama? Kilikuwa chumba cha askari wa zamu ya usiku. Mchana hulala humo na bunduki zao.

Sebit alikuwa anakwenda kuingia kwenye dirisha la chumba hicho.

Kasimiro alitazama kisogo cha Fadhul, halafu mguu wa Obeti. Aliogopa, na tusimpambe: aliogopa maumivu ya mwili wake mwenyewe kabla hajaogopa kifo cha shemeji yake.

Walipofika Manibe walisimama kutia maji kwenye rejeta. Fadhul alikwenda kichakani. Kasimiro akamshika Sebit mkono, akamvuta nyuma ya gari.

"Shemeji, ile dirisha si yenyewe. Stoo iko upande ya tanki."

Sebit alimkodolea macho. "Nani nasema?"

"Mimi. Nilihamisha mlango. Kwa picha."

"Kwa nini mutu anahamisha mlango?"

"Ilikuwa mbaya pale." Alichungulia kichakani. "Upande ya jiko iko askari wanalala."

Sebit alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha yoyote. "Wewe ulitaka mimi nikufe kwa uzuri ya picha. Sasa mwambie Sajini."

"Hapana! Shemeji, nakuomba. Wewe unajua ile ya Obeti. Sajini atasema nilichora mtego. Wewe enda tu upande ya tanki. Toka na kopo. Akiona kopo hatauliza."

"Akiuliza?"

"Mimi mwenyewe nitasema. Haki ya Mungu."

Fadhul alikuwa anarudi, anafunga mkanda. Sebit aliangalia Kasimiro, akampiga begani taratibu. "Sawa. Mimi hapana taja wewe. Dada yako atanikata kichwa."

Saa saba. Mlima wa Arua.

Adhana ilipanda kutoka mjini. Mlinzi wa geti alimjua fundi, akamfungulia na kumtania kwamba amechelewesha picha mpaka mama kazeeka. Kasimiro akacheka. Kicheko kilimtoka puani.

Medina alikuwa barazani, amejifunga gurbaba ya kijani, nguo ya Kinubi, anasuka kawa. Alikuwa mwanamke mnene mwenye macho makali, mcheshi akipenda. Alifuta mikono, akavua shuka kwenye picha mwenyewe.

Nyuma ya nyumba Sebit alikuwa tayari kwenye ukuta, au hajafika, au keshakamatwa. Kasimiro alitega sikio mpaka likauma.

"Fundi," Medina alisema. "Mlango yangu imefanya nini?"

"Mlango gani, mama?"

"Hii! Stoo iko kule." Akanyoosha kidole ndani ya nyumba, upande wa tanki, palepale Sebit alipotakiwa kuwa. "Wewe umeleta kule jikoni. Umehamisha nyumba yangu?"

Alisema kwa sauti ya kuita watu wa mtaa wa pili. Mlinzi wa geti aligeuza shingo. Jasho lilimtiririka Kasimiro hadi kwenye mkanda.

"Ni... ni mtindo wa Roma, mama. Ili uso yako upate nafasi."

Medina alitazama tena picha. Alitazama kwa muda ambao mtu angeweza kuzikwa. Halafu akacheka, mabega yakacheka, kawa ikaanguka.

"Wallahi, iko nzuri kuliko nyumba yenyewe. Kapteni ataniuliza hii bibi ni ya nani!"

Ndani, upande wa jiko, mtu alikohoa. Kitanda kikalia. Dirisha la nyuma likafunguliwa kwa kishindo, na Kasimiro akasikia mtu akisukutua mdomo na kutema maji nje. Akangoja mlio wa bunduki. Alisema maneno kuhusu rangi na mafuta, hata hakujua anasema nini. Mlio haukuja. Askari alipiga mwayo, kitanda kikalia tena.

Medina alimpa chai. Akainywa moto, ikamchoma ulimi, akaaga.

Saa tisa. Lobule.

Kopo lilikuwa mapajani mwa Fadhul. Walikuwa wamepita Maracha bila kusimamishwa. Obeti alianza kupiga mluzi, mara ya kwanza tangu mguu uvunjike. Sebit alifumba macho na kutabasamu. Hata Kasimiro alihisi pumzi ikimrudia.

"Kata hapa," Fadhul alisema.

Mluzi ukakatika. Pijo iliacha barabara ikaingia njia ya baiskeli ya Lobule, mihogo pande zote, ikasimama pasipo na nyumba. Jua lilikuwa kali. Mbali kidogo mwanamke alikuwa akipalilia. Alipoona gari na wanaume wanne, aliinua jembe lake akaondoka bila kukimbia, kama watu walivyojifunza kuondoka miaka ile.

"Shuka. Wewe, Sebit."

Sebit alishuka. Wote wakashuka.

"Mimi nililala kwa majani," Fadhul alisema polepole. "Naangalia dirisha ya jiko. Wewe unapita, hapana simama, hapana fikiri. Unaenda moja kwa moja kwa tanki. Kisha dirisha ya jiko inafunguka, askari anatema maji. Mimi nasema, kumbe! Sebit alijua. Nani alikuambia?"

"Niliona yeye kwa dirisha."

"Dirisha ilikuwa bado imefungwa."

"Nilisikia anakoroma, Sajini."

"Kutoka ukutani? Wewe ni mbwa?" Bastola ilikuwa imeshatoka. "Mutu anajua chumba ya askari, huyo anaongea na askari. Jana ulikuwa Arua. Ulionana na nani?"

"Nilinunua misumari."

"Ulionana na nani?"

Sebit hakumtaja mtu. Aligeuka tu akamtazama Kasimiro. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa anangoja, kama mtu anayengoja zamu ya mwenzake kusema.

Kasimiro alijua maneno. Yalikuwa machache. Nilihamisha mlango.

Fadhul alifuata macho ya Sebit. "Fundi. Wewe ulichora vibaya?"

Chuma cha jeki kilikuwa nyuma ya kiti cha Obeti. Kilionekana kutoka pale aliposimama.

"Hapana, Sajini," Kasimiro alisema. "Siku nilichora, stoo ilikuwa upande ya jiko. Labda wamebadilisha vyumba."

"Na huyu alijua namna gani?"

"Mimi hapana jua."

"Shemeji," Sebit alisema.

Fadhul alimpiga risasi kifuani, halafu ya pili alipokwisha anguka. Ndege waliruka kutoka kwenye mihogo. Obeti alikaa chini kwenye vumbi na mguu wake umenyooka, akaziba masikio, ingawa kelele ilikuwa imekwisha.

"Msaliti," Fadhul alisema, na alionekana ameumia kweli. "Nilimpenda huyu kijana. Panda gari."

Kasimiro alipanda. Ndiyo, alipanda. Miguu ilimpeleka yenyewe, akaketi, akavuta mlango, na mahali pa Sebit pakawa wazi kando yake hadi Koboko.

Jioni. Koboko.

Candiru alikuwa uani kwa Hajara, ameketi kwenye kigoda, miguu imevimba, anapepeta ulezi. Alisikia gari akainuka kwa shida, mkono mmoja kiunoni. Alihesabu vichwa akitabasamu, kisha akahesabu tena.

"Kaka. Sebit iko wapi?"

Fadhul alikuwa anashuka na kopo. "Bwana yako alituuza, mama," alisema kwa upole. "Alionana na askari. Pole. Mimi nitalisha wewe na mtoto."

"Uongo." Candiru hakumtazama hata. Alimtazama kaka yake. "Sebit hawezi. Kaka, sema. Alituuza?"

Ungo ulikuwa bado mkononi mwake na ulezi ulianza kumwagika kidogokidogo, kuku wakauwahi. Kasimiro aliona tumbo la dada yake likiyumba chini ya kitenge, mtoto akigeuka huko ndani. Mtoto huyo angekua akiitwa wa msaliti, na angekula mkononi mwa Fadhul. Bado aliogopa. Hofu haikupungua hata chembe.

"Hapana," alisema. "Hakumuuza mutu. Mimi ndiyo nilimuua."

Obeti aligeuza uso ukutani.

Fadhul alikuwa ameshafika mlangoni. Alisimama. Aliliweka kopo juu ya gunia, taratibu, akahakikisha limekaa vizuri.

"Rudia," alisema.

Kasimiro akarudia, safari hii yote, kuanzia mlango aliouhamisha.