Kiti cha Dereva

Kiti hakikukauka. Evaresta alikilaza juu ya bati la kibanda cha walinzi, akawa anakigeuza asubuhi na jioni kama mtu anayeanika mahindi, lakini kila alipokibonyeza, sponji ilitoa maji. Maji yenyewe yalikuwa baridi na yalinuka majani mabichi na mawe ya mtoni. Alilaumu mwezi. Julai ya Arusha inajulikana: Mlima Meru unajifunika mawingu, watu wanatembea na makoti mpaka mchana, na hata soksi za mtoto hazikauki. Kiti cha gari kingekaukaje?

Kazi yake ilikuwa kutunza stoo katika karakana moja ya magari ya serikali. Alikaa nyuma ya dirisha dogo lenye nondo. Mafundi walikuja kuazima spana na jeki, madereva walikuja kuomba filta, taa na mikanda, na mara nyingi aliwajibu kwamba hakuna. Magari yalikuwa mengi, spea chache, na maombi yaliyopelekwa juu yalikaa huko huko juu. Ndiyo maana magari mabovu yaliyoegeshwa nyuma ya karakana kusubiri mnada yalikuwa yakichomolewa vitu kidogo kidogo. Hairuhusiwi, na kila mtu alikuwa anafanya.

Evaresta hakuwa anafanya. Aliogopa makosa kiasi kwamba mafundi walimtania wakimwita sista. Lakini safari hii aliyeumia alikuwa mumewe. Ephraimu Sumari, dereva wa karakana hiyo hiyo, aliendesha gari ambalo kiti chake kilishakufa springi, na kila aliporudi kutoka safari za mbali alishuka amepinda, hawezi hata kumwinua mtoto wao Blessing. Jioni Evaresta alimchua mgongo kwa dawa mpaka viganja vikamwasha. Aliomba kiti kipya ofisini, akaomba tena, akachoka. Ndipo alipomwambia fundi Calvin amfungulie kiti cha dereva cha ile pikapu nyeupe.

Pikapu hiyo iliteleza wakati wa masika ikatumbukia korongoni, ndani ya msitu wa Meru, ikalala kwenye chemchemi mpaka mvua zilipokatika ndipo ikavutwa kuletwa karakana. Dereva wake alitoka mzima, ila aliacha kazi upesi na hakumuaga mtu. Bodi ilikuwa imebonyea vibaya, lakini kiti kilionekana kama kipya. Calvin alipokuwa akilegeza bolti alisita, akatazama nyuma ya gari, kisha akaendelea. Evaresta alimuuliza kuna nini. Calvin alisema amesikia springi zikilia, kama mtu mnene anapoinuka kitini. Wakacheka wote wawili.

Kilifungwa kwenye gari la Ephraimu kikiwa bado na unyevu, naye akakipenda siku ile ile. Alisema kinamkamata vizuri. Maumivu yalikwisha, na siku moja alimnyanyua mkewe pale uani mbele ya mafundi, akamwita waziri wake wa spea. Evaresta alirudi dirishani akitabasamu peke yake. Alikuwa amemsaidia mumewe na hakujuta hata kidogo.

Mabadiliko yalikuja polepole. Kwanza Ephraimu aliacha kushuka garini wakati wa chakula. Kisha akaanza kurudi nyumbani, Levolosi, suruali imelowa nyuma na fulana imelowa mgongoni, wakati mvua haikunyesha. Kwenye kochi alikaa ukingoni, ameinama mbele, ameacha pengo la mtu mzima kati ya mgongo wake na egemeo. Evaresta alimwambia aegemee apumzike. Alijibu kwamba hakuna nafasi.

Mama mmoja ofisa aliyekuwa akiendeshwa naye aliomba abadilishiwe dereva. Ofisini hakutaka kueleza, lakini alikuja dirishani akamnong'oneza Evaresta kwamba barabara nzima kutoka Kikatiti alisikia watu wawili wakipumua pale mbele, na garini walikuwa yeye na Ephraimu tu. Jioni hiyo Evaresta alimvua mumewe fulana. Mgongo ulikuwa umekwajuka na kukunjamana, kama viganja vya mtu aliyefua kutwa. Aliugusa, ubaridi wake ukamfanya aondoe mkono, na akabaki nyuma yake akilia kimyakimya ili asimwone.

Hospitali walipima kila walichoweza kupima wakasema ni uchovu. Jumuiya ya Evaresta, maana yeye ni Mkatoliki wa Rombo, ilikuja na rozari. Mchungaji wa Ephraimu naye alikuja akamwekea mikono. Walisali vizuri wote, wakanywa chai, wakaondoka, na Ephraimu akabaki ukingoni mwa kochi akizidi kukonda. Hakuweza tena kwenda kazini. Mwisho Evaresta aliweka aibu pembeni, akamfuata Ustadhi Hatibu, mzee anayeshona viatu mtaa wa pili, ambaye watu wa dini zote humwendea wakiwa wamejifunika nyuso. Alimweleza yote, tangu korongoni.

Ustadhi alifika jioni. Evaresta alimwamkia shikamoo, akampa stuli akae mbele ya mgonjwa. Mzee alisoma kwa sauti ya chini, macho ameyafumba, kisha akanyamaza katikati ya aya. Alipeleka mkono taratibu kwenye lile pengo nyuma ya Ephraimu, na mkono haukufika kwenye kochi. Ulisimama hewani, vidole vikatandazika, kama vimegusa kifua cha mtu. Aliurudisha ukiwa umelowa, akamvuta Evaresta mpaka nje ya mlango.

"Mimi najua kumtoa jini aliye ndani ya mtu," alinong'ona. "Huyu hayumo ndani. Mumeo hajapagawa, mama. Amepakatwa."

Evaresta hakuelewa, au hakutaka kuelewa. Aliuliza amepakatwa na nani.

"Na mwenye kiti. Ulipokitoa ulidhani hakina mtu. Kirudishe ulikokitoa, kwa mkono wako mwenyewe, na usimwombe kitu."

Kulipokucha Calvin alikifungua kile kiti, naye Evaresta akakibeba. Calvin alitaka kumsaidia, akakataa. Kilikuwa kizito kupita kiasi, na njia nzima ya kwenda nyuma ya karakana aliburuza miguu kwenye tope huku manyunyu yakimwingia machoni. Alikipachika mwenyewe ndani ya pikapu nyeupe, akakaza bolti zote mpaka spana ikakataa kuzunguka. Calvin alimtazama akiwa mbali, akamwambia huko nyuma hatarudi tena, dada amsamehe. Evaresta alimshukuru, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akahisi tumaini.

Kisha simu ikaita. Alikuwa mama mkwe, aliyetoka Kikatiti kuja kumwuguza mwanawe. Ephraimu alikuwa ameanguka. Walimlaza kitandani lakini magoti yalikataa kunyooka. Alilala ubavu akiwa amekunjika vile vile kama mtu aliyekaa, na ubaridi ulikuwa umeanza miguuni unapanda.

"Njoo, mwanangu," mama mkwe alisema. "Njoo umuage."

Evaresta alikimbilia stoo kuchukua mkoba wake, na alipokuwa anageuza ufunguo wa kabati alisikia mtu akikohoa dirishani, kikohozi cha adabu cha mtu aliyesubiri zamu yake, na alipogeuka hakuona mtu, aliona tu ubao wa dirisha ukilowa mahali pawili, pale mafundi wanapoegemeza viwiko, na maji yakianza kutambaa kuja upande wake huku harufu ya majani mabichi ikijaa stoo nzima mpaka ikafunika ile ya grisi na mpira, na ingawa ulikuwa mchana na uani kulikuwa na watu wakigonga vyuma na kutaniana, kelele zao zilikuwa zimekwenda mbali sana, kama zinatoka ng'ambo ya mto.

"Kiti nimekipata," sauti ilisema. Ilikuwa sauti ya kawaida, ya mtu mzima asiye na haraka. "Sasa naomba na dereva."

Ustadhi alikuwa amemkataza kumwomba kitu. Evaresta aliomba. Alipiga magoti katikati ya matairi akaomba kwa jina la Bikira Maria na kwa kila jina alilolijua, akasema mumewe hana kosa lolote, ni mtu aliyeumwa mgongo tu, ana mtoto mdogo asiyejua hata kufunga kamba za viatu, na kama kuna aliyekosa basi ni yeye, yeye ndiye aliyekitaka kile kiti, yeye ndiye aliyekitoa, yeye ndiye aliyekianika juu ya bati akijua kabisa kwamba hakikauki, na akakifungisha hivyo hivyo kwa sababu alimpenda mtu wake na alikuwa amechoka kumwona amepinda.

Maji yalimfikia magotini.

"Kule kwenye maji nilikaa peke yangu muda mrefu sana," sauti ilisema. "Nimeshazoea kupakata. Kama si yeye, basi njoo wewe."

Angeweza kukimbia. Lango lilikuwa wazi, na mlinzi alikuwa amekaa pale akisikiliza redio. Lakini aliona magoti ya Ephraimu yaliyokataa kunyooka, akaona ubaridi ukipanda mapajani, ukipanda kiunoni, akaona mchanga ukimwagwa kaburini huko Kikatiti na Blessing akiuliza baba anakwenda wapi, na miguu yake ikaanza kutembea, ikapita karakana, ikapita mapipa ya oili chafu, ikapita magari yote yasiyo na taa wala milango, mpaka kwenye pikapu nyeupe, ambayo mlango wake ulikuwa umeshafunguliwa. Alifanya ishara ya msalaba. Akaingia, akajishusha taratibu, na kabla hajafika kwenye kiti alipokelewa.

Alikuwa bado humo, macho ameyafumba, simu ilipoita tena. Mama mkwe alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Ephraimu alikuwa amenyooka. Alikuwa anaomba uji.

Evaresta alifika nyumbani jua likiwa bado halijazama. Alimkuta mumewe kwenye kochi, ameegemea mpaka nyuma kabisa, kichwa juu ya mto, bakuli la uji mkononi, na mashavu yake yameanza kupata rangi. Furaha aliyoipata ilimuuma kifuani. Ephraimu alipigapiga nafasi iliyo karibu naye, akamwambia akae, amesimama tangu alipoingia.

Alikaa. Mgongo wake haukufika kwenye kochi, na mkono mmoja baridi ukamzunguka kiunoni polepole. Alijikaza, akatabasamu.

Blessing alikuwa amemngoja mama yake kutwa nzima. Alikuja mbio, mikono juu, kama kila siku, apande mapajani kwake. Evaresta alinyoosha mkono akamzuia. Hakuwahi kumzuia tangu amzae. Alimwambia aende akakae kwa baba, na mtoto akabaki amesimama palepale, mikono bado iko juu, midomo inaanza kutetemeka.

"Mwache aje," ilisema sauti nyuma ya sikio lake, kwa upole.

Evaresta aliinuka haraka, akasema mama ana kazi jikoni, na tangu jioni ile hajakaa tena chini mtoto akiwa macho.