Chai Ilikuwa Bado ya Moto

Jamani, nilifungua mlango wangu nikakuta kikombe mezani… chai bado inafuka moshi!

Pembeni yake, pete yangu ya ndoa. Ile niliyomwachia mume wangu siku niliyotoka kwake na jino langu mkononi.

Mahakama ilishamkataza. Asinisogelee, asikanyage kwangu. Alikabidhiwa amri, akasaini… akacheka.

Nikampigia wakili wangu.

"Usiguse kitu! Piga picha. Tunapeleka maombi aadhibiwe kwa kudharau amri ya mahakama."

"Atafungwa?"

"Amri si pambo, dada. Ila tuthibitishe kweli kaingia."

Kitasa kizima. Madirisha yote yamefungwa. Kaingiaje, ni jini?

Shangazi, ninayeishi naye, akarudi toka kwenye cherehani yake. Akanikumbatia.

"Mshenzi mkubwa! Shahidi wako nitakuwa mimi, mwanangu."

Tukawa tunalala kitanda kimoja, kabati tumelisukumia mlangoni. Lakini mchana nikitoka, nikirudi nakuta nguo zangu zimekunjwa… kwa mkunjo wa mume wangu!

Siku ya kesi ikafika. Hakimu akamuuliza mume wangu:

"Uliingia au hukuingia?"

"Niliingia, mheshimiwa. Ila nilikaribishwa."

"Na nani?"

Akatoa ufunguo mfukoni. Umefungwa uzi wa zambarau.

Uzi ule naujua! Shangazi hufunga funguo zake zote hivyo, zisipotee kwenye vitambaa.

Nikageuka. Shangazi anatazama viatu vyake.

"Mwanangu… nilitaka tu myamalize nyumbani. Alilia mbele yangu. Alisema kabadilika."

"Shangazi! Si wewe uliyelifunga jino langu kwenye leso?"

Akajifunika uso kwa mtandio.

Hakimu akagonga meza. "Amri ni ya mahakama. Hakuna mwenye ruhusa ya kumkaribisha mtu aje aivunje!"

Mume wangu akapelekwa jela. Shangazi akapewa onyo kali, akalia kama mtoto. Na yule bwana, pingu mikononi, akapita karibu yangu akitabasamu.

"Nikitoka nitakuja kumalizia chai yangu."

Wenzangu mnaonisoma, mkipata amri ya mahakama msibweteke. Mwambieni kila anayeishi nanyi: msamaha wenu hana haki ya kuutoa yeye.

Shangazi ndiye aliyenilea, nampenda. Jioni ile alikaa kibarazani na begi lake, akisubiri nimwite ndani, huku fundi akibadilisha kitasa.

"Dada, nikuchongee funguo ngapi?"

Nilimtazama shangazi. Naye akanitazama.

"Mmoja tu, fundi."