Utanipokelea?

Mapigo yalikuwa mawili. Mwanafunzi aliweka vidole kwenye kifundo cha mkono wa ajuza wa kitanda cha mwisho, akayasikia: moja likienda polepole kama mtu mzima anayepanda ngazi, jingine likikimbia chini yake kama mtoto. Akatoa vidole, akavipangusa, akavirudisha. Bado mawili.

Alikuwa mwaka wa tatu wa shahada ya uuguzi, na wodini walimwita Mkono Mwepesi kwa sababu sindano yake haikuuma. Wagonjwa walijifanya wamelala wenzake wakipita na trei, ili wamsubiri yeye. Ajuza yule hakuwa na ndugu wa kuja kumtazama. Hata hivyo kitanda chake kilinukia marashi makali ya waridi, na hakuna aliyewahi kumletea hata kitambaa cha kujifutia.

"Mwanangu," ajuza alimwambia, "nimechoka kubeba. Utanipokelea?"

Mwanafunzi alimwona ameshikilia kikombe cha plastiki. "Nitakupokelea, bibi. Lete."

Ajuza akacheka kwa fizi tupu. Kikombe hakukiachia. Chai ya saa nne ilipoletwa alikuwa amekwisha, na Mkono Mwepesi ndiye aliyemfumba macho, akamfunga taya kwa bandeji na kumfunika shuka usoni kama alivyofundishwa. Alipotoka nje kuvuta pumzi, harufu ya waridi ilitoka naye.

Wiki ileile, katika chumba cha mazoezi, wanafunzi walipimana mapigo wawili wawili. Aliyempima yeye alikuwa mwenzake wa chumbani, msichana waliyemwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia.

"We," Redio akasema, "una mimba nini? Humu ndani mko wawili."

Darasa likaangua kicheko. Mkono Mwepesi naye akacheka, lakini alipofunga kinywa alisikia kicheko kingine kikiendelea, palepale kooni mwake, taratibu, kama cha mtu aliyechelewa kuelewa mzaha.

Baada ya hapo wagonjwa wake wakaanza kugeukia ukutani. Wa kwanza alikuwa muuza mitumba aliyevunjika nyonga, mama mcheshi ajabu, aliyekuwa akiwapa wenzake majina ya utani mpaka wakamwomba aache kwa maumivu ya mbavu. Mkono Mwepesi alimwekea mto vizuri, akamwinamia kidogo sikioni, akaondoka. Tangu saa hiyo yule mama hakusema neno. Chakula alikirudisha kama kilivyokuja. Daktari alitazama picha za mfupa, akatazama majibu ya damu, akasema mgonjwa anaendelea vizuri. Siku ya tatu akafa.

Kisha akaja binti aliyeungua uso, ambaye harusi yake ilikuwa karibu. Redio alikuwa upande wa pili wa pazia akikunja mashuka, akamsikia mwenzake akizungumza kwa ile sauti laini ya kubembelezea watoto:

"Mchumba wako alikuja jana. Muuguzi alifunua bandeji, akakuona. Aliondoka mbio, akatapikia pale mlangoni. Usimngoje, mpenzi."

Redio alimvuta kwa mkono mpaka stoo ya mashuka, akafunga mlango.

"Umemwambia nini yule mtoto wa watu?"

"Nimemwambia pole, atapona."

"Muongo! Nimekusikia kwa masikio yangu!"

"Wallahi nimemwambia pole. Kwani wewe umesikia nini?"

Redio akamweleza kwa kunong'ona, neno kwa neno, na kadiri alivyoeleza ndivyo harufu ya waridi ilivyojaa stoo, mpaka akashindwa kumaliza. Walirudi mbio kwenye kile kitanda. Binti alikuwa ameshavua bandeji zote mwenyewe, na alikuwa akijitazama kwenye kijiko.

Hakumaliza wiki.

Redio ndiye aliyempeleka Mkono Mwepesi kwa mganga, mzee mwenye koti la mikono mirefu aliyekaa nyuma ya gereji ya pikipiki. Mzee alimshika mkono, akasikiliza mapigo kwa kitambo kirefu, akauachia kama mtu aliyeshika chungu cha moto.

"Jini hili sikuliita mimi, na mimi silitoi," akasema. "Umelipokea kwa kinywa chako. Litatoka kwa kinywa cha mwingine. Siku likichoka nawe litamchagua mtu, litamuuliza kwa sauti yako kama atapokea. Likishauliza litakurudishia ulimi, maana majini hawafanyi mapatano ya wizi. Hapo utaweza kumwambia huyo mtu akatae, ukabaki nalo mpaka kaburini. Au utanyamaza."

"Sitanyamaza," akasema Mkono Mwepesi.

Mzee akamtazama kwa huruma. "Wote husema hivyo, mjukuu wangu."

Mkono Mwepesi akamwomba mkufunzi amwondoe wodini. Mkufunzi hakuinua hata kichwa: asiyetimiza saa zake za wodi hapandi mwaka wa nne. Basi akawa anafanya kazi amevaa barakoa mbili, moja juu ya nyingine, meno ameyauma, hamwinamii mtu.

Ndipo mama yake alipoletwa.

Alikuwa mpishi wa shule, mwanamke mwenye mikono ya kuinua masufuria, na uvimbe tumboni alikuwa ameuficha mpaka ukamwangusha jikoni. Alitolewa chumba cha upasuaji akiwa hai, na jambo la kwanza alilofanya alipozinduka ni kuwatangazia wanawake wa wodi nzima kwamba yule nesi mrefu pale ni wa tumbo hilihili mnaloliona limeshonwa.

"Mbona unanikimbia, mama?" akamuuliza binti yake, maana alimwita hivyo tangu utotoni. "Wageni wananigeuza, wananisafisha, na wewe upo. Njoo. Vua hicho kitambaa nikuone."

Ilikuwa saa ya kutazama wagonjwa, mchana kweupe, watu wamejaa na vikapu vyao, watoto wanakimbizana kati ya vitanda, na Mkono Mwepesi alijiambia kwamba hakuna baya linaloweza kutokea kwenye kelele kama ile, akavua barakoa ya kwanza, akavua ya pili, akamshika mama yake mkono uliokuwa na dripu, na kabla hajasema pole alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka, tamu, yenye machozi ndani yake, ikisema, "Mama, nimechoka kubeba, utanipokelea?" na hapohapo ulimi wake ukawa mwepesi, ukawa wake, kwa mara ya kwanza tangu ajuza afe alihisi ladha ya mate yake bila waridi, akamwona mama akimtazama kwa mapenzi yasiyouliza mzigo ni upi, akawaona yule muuza mitumba na yule binti mwenye kijiko, akaiona shahada yake, miaka yake yote iliyobaki, na lile neno moja, usikubali, lilikuwa limekaa tayari nyuma ya meno.

Akayafunga meno.

"Nitakupokelea, mwanangu," mama akasema. "Kwani mimi nina kazi gani nyingine?"

Mkono wa mama ndani ya mkono wake ukapiga mapigo mawili.

Mkono Mwepesi alifaulu mwaka ule, na uliofuata akahitimu. Mama alipona kwa kasi iliyowashangaza madaktari, akarudi jikoni. Simu za nyumbani binti alizijibu kwa kifupi, na likizo akazitumia kazini, hadi jirani alipompigia kumwambia kwamba mdogo wake, wa darasa la tano, hali chakula tena.

Alimkuta chumbani amelala, uso ukutani. Akakaa kitandani, akampima mapigo. Lilikuwa moja, dhaifu.

"Nani amekuudhi, kitinda mimba wetu?"

Mtoto hakugeuka. "Mama huniambia mambo akinisuka."

"Mambo gani?"

"Ya watu. Ya baba. Jana ameniambia yako." Akavuta shuka mpaka kidevuni. "Amesema alikupa nafasi, dada. Kwamba ulimi ulikuwa wako."

Kutoka jikoni, mama aliita kwa furaha, "Nesi wangu amefika? Njoo kwanza nikukumbatie, nina neno la kukwambia."