Boti ya Esanse, Boti ya Mazutu

Maiti ilikuwa imelala ubavu wa kulia ndani ya kibanda cha boti, mkono chini ya shavu, koti lililokunjwa chini ya kichwa. Mtu angeweza kuipita akidhani ni abiria aliyewahi kufika.

Jeannette, mjane mwenye boti hiyo, ndiye aliyeikuta. Alikuwa ameteremka bandari ya mtoni asubuhi kuosha sakafu kabla mnunuzi hajatoa jibu. Mnunuzi mwenyewe ndiye aliyekuwa amelala pale.

Inspekta Euphrasie Lwamba alifika kwa pikipiki kutoka Kasongo mjini. Hakusalimiana na umati. Alivaa glavu, akainama na kuingia kibandani.

Marehemu alikuwa Christophe Muhindo, mchuuzi wa dhahabu wa Salamabila, mzaliwa wa Butembo. Alikuja na fundi wake, Clovis, kuchagua boti iliyotumika ya kupeleka abiria Kibombo. Boti za kuuza zilikuwa mbili, zote za chuma, zimefungwa ubavu kwa ubavu kwenye nguzo moja. Ya Jeannette ilitumia mazutu, yaani dizeli. Ya Atumani, fundi cherehani wa zamani aliyegeuka mchukuzi, ilitumia esanse, yaani petroli.

Atumani alikuwa na maelezo tayari.

"Moshi wa mazutu, Mama Inspekta. Ile injini inafuka kama tanuru la matofali. Mutu akilala mule, haamki."

"Na yako inatoa marashi," Jeannette alisema bila kumtazama.

Euphrasie aliifunua maiti shati. Damu ilikuwa imetuama mgongoni kote. Ubavu wa kulia, uliogusa mbao za kitanda, haukuwa na alama yoyote. Mtu huyu alikufa akiwa chali, akakaa chali kwa muda, kisha akageuzwa. Kucha zake na ndani ya midomo vilikuwa na wekundu ambao maiti haipaswi kuwa nao.

Kibanda kilikuwa na vitanda viwili. Kwenye kile cha pili mkeka ulikuwa umebonyea katikati, na ukingoni palikuwa na doa jipya la oili nyeusi. Alilipiga picha, akatoka nje.

Daktari wa hospitali alithibitisha kabla ya adhuhuri. Hakuna jeraha, damu ni nyekundu angavu, marehemu alivuta kaboni monoksidi. Euphrasie alimuuliza kama moshi wa mazutu ungetosha. Daktari alisema injini ya mazutu hutoa gesi hiyo kidogo sana. Ya esanse hutoa nyingi, na haihitaji muda mrefu ndani ya chumba kilichofungwa.

Euphrasie alirudi mtoni, akamwita Jeannette pembeni.

"Betri yako iko wapi?"

"Chini ya kitanda changu. Tangu mume wangu afe, kila jioni ninaibeba kichwani. Nikiiacha hapa, asubuhi nitaikuta Kindu."

"Bila betri injini inawaka?"

"Haiwaki hata ukiibembeleza."

Fundi mwingine wa bandari aliulizwa, akasema vilevile. Boti ya mazutu haikuweza kumuua mtu usiku ule. Ilikuwa imepokea maiti tu.

Boti ya Atumani ilikuwa na injini ya gari la zamani, ya kuwashwa kwa kamba. Mashahidi walieleza kwamba jioni Muhindo alijaza tangi mbele yao, akaiwasha, akasema ataiacha ikinguruma polepole hadi alfajiri ili aone inakunywa kiasi gani. Angelala humo humo. Kelele hazikumsumbua, miaka yote Salamabila alilala karibu na pampu za machimbo. Alikuwa ameegemeza mlango wa mbao wa dirisha kwa kijiti ili apate hewa.

Injini ilikuwa imezimwa na nusu ya esanse bado imo tangini. Kijiti kilikuwa juu ya paa la kibanda, kimewekwa taratibu. Kwa nje, kwenye mbao za dirisha, kulikuwa na alama za vidole vinne vya oili nyeusi.

Nyuma ya injini, chini ya rangi mbichi, bomba la moshi lilikuwa na ufa uliofungwa kwa bati na waya.

"Ulijua?" Euphrasie alimuuliza Atumani.

"Nilijua. Boti iliyotumika iko na makosa yake. Mnunuzi anakuja na fundi, fundi njo anatazama."

"Fundi alitazama?"

Atumani alijikuna shingo. "Alibandua bati, akapitisha kidole ndani ya ufa. Akanitazama. Hakusema kitu. Nilidhani ananihurumia."

"Usiku ulilala wapi?"

Alilala mjini, kwa shemeji yake aliyekuwa anaoza binti. Watu wa arusi walithibitisha, na dereva wa pikipiki aliyemrudisha asubuhi pia. Euphrasie alimwambia kwamba kuhusu ufa ule bado watakutana.

Alibaki mtu mmoja.

Clovis alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kituo cha polisi tangu asubuhi. Hakuna aliyemwambia akae pale. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye mikono ambayo sabuni ilikuwa imeishindwa zamani. Koti hakuwa nalo. Euphrasie alimwekea mezani koti lililotoka chini ya kichwa cha marehemu. Lilinuka mazutu.

Clovis aliyajibu maswali ya kwanza bila ubishi. Yeye na Muhindo walitoka kaskazini pamoja, wakikimbia vita. Salamabila walipanga chumba kimoja na kupikia chungu kimoja. Muhindo alinunua dhahabu. Clovis alitengeneza pampu, zote za mazutu. Jamaa wengine hawakuwa nao. Mwaka huu Muhindo alichoka na machimbo, wakakubaliana kununua boti.

"Ipi?"

"Ya mazutu. Tuliongea hivyo njia nzima, hadi Wamaza, hadi hapa. Mazutu inakunywa kidogo, haishiki moto ovyo, inadumu. Lakini iko nzito, inataka fundi kila siku."

"Na ya esanse?"

"Inakunywa sana. Lakini iko nyepesi. Mutu mumoja anavuta kamba, anaenda."

"Muhindo akachagua ipi?"

Clovis aliitazama mikono yake. "Jana jioni akaniambia, yaya, kaka yangu, nimechoka kuishi na watu. Rudi Salamabila, pampu zitakulisha."

Euphrasie aliandika. Nje mtu alikuwa anatwanga.

"Nani alimlaza ubavu?"

Clovis alilivuta koti karibu naye.

"Mtu wa bandari angemtupa tu. Aliyemlaza vile alijua anavyolala."

"Akilala chali anakoroma," Clovis alisema. "Anasumbua watu."

Baada ya hapo hakuhitaji kusukumwa. Alikuwa amesimama nje ya kibanda muda mrefu, akisikiliza injini. Alikiondoa kijiti, akafunga dirisha, akakaa ukingoni mwa mto. Aliporudi, Muhindo hakuwa anakoroma tena. Alizima injini, akakaa kando yake saa kadhaa kabla ya kumbeba.

"Nilitaka aamke kichwa kinamuuma. Aichukie ile injini. Basi."

"Uliuona ufa. Unaijua gesi ile."

"Ninaijua."

"Unajua inaua."

"Mimi ni fundi, Mama. Siwezi kukuambia sikujua."

Euphrasie aliweka kalamu chini. Kulikuwa na jambo moja ambalo ushahidi haukulieleza, na hakupenda kufunga jalada lenye tundu.

"Ungemwacha alipokufa, ningeandika ajali. Bomba bovu, dirisha limeanguka. Leo ungekuwa njiani kurudi Salamabila."

"Niliwaza hivyo."

"Sasa kwa nini ukamhamisha?"

"Ile ya esanse iko na kitanda kimoja," Clovis alisema. "Ya mazutu iko na viwili."

Euphrasie alikumbuka mkeka uliobonyea. "Ukalala naye."

"Mpaka ndege walipoanza kulia."

Alimsomea maelezo yake. Clovis alisahihisha neno moja tu, jina la sehemu ya injini, akatia sahihi. Polisi wa zamu alikuja na pingu.

Ilibaki karatasi ya hospitali. Bila jina la jamaa, maiti ingezikwa na serikali, bila mtu kujua kaburi liko wapi. Euphrasie alikuwa amepiga simu Butembo mchana kutwa. Namba iliyokuwa katika simu ya marehemu haikuwa na mwenyewe tena. Aliuliza, kama utaratibu unavyotaka:

"Mtu wa karibu wa marehemu ni nani?"

Clovis aligeuka mlangoni. Alifikiri kwa uaminifu, kama mtu anayetafuta kifaa alichokiweka mahali fulani.

"Andika mimi," alisema.

Euphrasie aliutafuta uongo katika jibu hilo, hakuupata. Akaandika.