Kipande cha Kucheka

Haya yalimpata Alamelu wa Vadapalani, mjini Madras, na majirani waliosikia kile kilio bado wapo.

Siku ilianza kama siku nyingine za kazi. Alamelu aliamka, akachora ua la unga wa mchele mlangoni, akapika wali, akauchanganya na maziwa mgando na kuufunga kwenye chombo cha bati. Kisha akamwamsha mdogo wake, Ponmalar. Hawakuwa na ndugu mwingine. Alamelu hakuolewa. Miaka yake yote aliimaliza nyuma ya Ponmalar, akibeba mwavuli, kitana na chupa ya maji kutoka studio moja hadi nyingine.

Ponmalar aliingia kwenye sinema akiwa binti mdogo, mchezaji wa mstari wa nyuma. Mwongozaji mmoja aliyaona macho yake, akamsogeza mbele. Kwa miaka kadhaa uso wake ulichorwa kwenye mabango yaliyopita minazi kwa urefu, na watu walirusha maua kwenye pazia la sinema kila alipotokea. Kisha simu zikapungua. Sasa alikaribia miaka arobaini na alikuwa anaigiza mama wa shujaa.

"Shujaa mwenyewe ananizidi umri," alisema wakiwa kwenye gari asubuhi hiyo. "Ana mjukuu. Akiniita mama, naona aibu kwa niaba yake."

"Leo unakufa, utapumzika," Alamelu alimjibu.

Walicheka mpaka Kodambakkam, mtaa wa studio za sinema.

Studioni walimlaza chini juu ya shuka jeupe. Walimtia pamba puani, wakamfunga vidole gumba vya miguu pamoja kwa kitambaa, wakamwekea shada la maua kifuani. Shujaa alipiga magoti na kulia: "Mama, umeniachia nani?" Walipiga picha mara moja tu, ikatosha.

Kuna jambo ambalo watu wa Kodambakkam hawaliruki. Mtu akishaigiza maiti, kamera huwashwa tena, naye hufumbua macho na kutabasamu. Wanakiita kipande cha kucheka. Hakitumiki popote. Kinapigwa ili mauti yajue kwamba ule ulikuwa mchezo.

Mwongozaji, kijana aliyeitwa Ilango, aliwaambia watu waende kula.

"Bado kipande cha kucheka, mwanangu," Alamelu alisema.

"Dada, mkanda uliobaki ni wa kazi. Yama akiuliza, mwambie anione ofisini."

Watu walicheka, maana hakuna aliyezoea kusikia mungu wa mauti akiitwa ofisini. Alamelu alimgeukia mdogo wake. Alijua kwamba Ilango amemwahidi Ponmalar nafasi katika picha yake ijayo, nafasi ya mwanamke anayependwa, si mama wa mtu. Ponmalar alichomoa pamba puani.

"Acha, dada. Usinizeeshe mbele za watu. Nina njaa."

Wakaenda. Lakini alipofika mezani hakugusa chakula.

Mchana walirudi nyumbani. Ponmalar alilala chali kwenye mkeka, miguu imebanana. Alamelu alimletea kahawa. Ikapoa. Nzi alitua kwenye mdomo wa Ponmalar, naye hakumfukuza. Alamelu alimfukuza kwa upindo wa sari. Nzi akarudi palepale.

"Ponni, unaumwa?"

"Hapana."

"Mbona huli?"

"Nimeshakula."

"Umekula nini?"

Ponmalar alifikiri kidogo. "Mchele. Waliniwekea mdomoni."

"Akina nani?"

"Wote. Walipanga foleni."

Alamelu alikaa chini. Mchele mkavu mdomoni hupewa wafu kabla ya kupelekwa kuchomwa. Katika picha ya asubuhi hapakuwa na mchele.

Mlango uligongwa. Alikuwa jirani yao, Visalam, nywele amezifungua kwa msiba, na nyuma yake wanawake wengine wa mtaa.

"Pole, Alamelu," alinong'ona. "Tumesikia kilio."

"Kilio gani?"

"Cha humu kwenu. Mwanamume analia. Anasema, mama, umeniachia nani."

Nyumba ile haikuwa na mwanamume. Alamelu aligeuka. Ponmalar alikuwa amekaa, kioo mkononi. Alizivuta pembe za mdomo juu kwa vidole. Alipoachia, zilishuka. Akazivuta tena.

"Dada," alisema. "Tabasamu haliji."

Jua lilikuwa bado juu waliporudi studioni. Ilango alianza kutabasamu, kisha akaona jinsi Ponmalar alivyotembea. Miguu haikuachana. Ilikuwa inaburuzwa pamoja. Mpiga picha, mzee Rangasami, alipakia mkanda kwenye kamera.

Walimlaza palepale, juu ya shuka lilelile. Ilango mwenyewe alimfunga vidole. Feni zilizimwa. Kamera ikaanza kuunguruma.

"Fumbua macho, dada Ponni," alisema Ilango.

Hakufumbua.

"Cheka kidogo tu. Nisamehe, dada. Cheka."

Alamelu alikitazama kifua cha mdogo wake. Shada halikutikisika. Alisubiri. Halikutikisika.

"Mkanda unaisha," alisema Rangasami.

Alamelu alitambaa hadi mbele ya kamera, akapeleka mdomo kwenye sikio la mdogo wake.

"Amka, Ponni. Mimi nitalala mahali pako."

Ponmalar alivuta pumzi. Alifumbua macho. Akatabasamu, tabasamu zima, lile la kwenye mabango.

Studio ilipiga makofi. Ilango alilia bila kujificha. Ponmalar aliomba chakula, akala wali wote wa kwenye bati na kulamba vidole.

"Ulininong'oneza nini?" aliuliza ndani ya gari.

"Nilikwambia maziwa mgando yanachacha."

"Muongo wewe," alisema, akamlalia dada yake begani.

Mkanda uliposafishwa, Rangasami alimwita Alamelu peke yake kwenye chumba cha kuangalizia picha. Hakumtazama usoni. Alizima taa na kuwasha mashine.

Kipande hakikuwa na sauti. Kwenye pazia alionekana mwanamke amepiga magoti, amevaa sari ya pamba ya bluu, ya Alamelu, na anatabasamu. Alikuwa Ponmalar.

Aliyelala chini, mwenye pamba puani na vidole vilivyofungwa, alikuwa Alamelu.

"Nilikuwa nyuma ya kamera," Rangasami alisema. "Sikuliona hili."

"Najua, mzee."

"Nikichome?"

Alamelu alikitazama hadi mwisho. Tabasamu la mdogo wake lilikuwa humo. Hapakuwa na jingine.

"Usikichome," alisema. "Wala usimwambie."

Tangu siku hiyo alianza kumfundisha Ponmalar mambo ya nyumbani: wali hutiwa maji kiasi gani, ufunguo wa stoo ni upi, muuza maziwa ni yupi mkweli. Ponmalar alimcheka. "Unaniandaa kwa ndoa?" Ilango alikuwa ameshampa ile nafasi, naye alishinda akijifunza maneno yake mbele ya kioo. Usiku Alamelu hakulala. Alikaa ameegemea ukuta, macho wazi, akiogopa kulala chali.

Ikatokea mchana mmoja akachoka.

Ponmalar alimkuta kwenye mkeka, amelala chali, hapumui. Daktari hakupata ugonjwa wowote. Baada ya mwili kuchomwa, Rangasami alishindwa kunyamaza. Alimweleza Ponmalar kila kitu, na maneno yale ya sikioni pia, kwa kuwa alikuwa ameyasikia.

"Nionyeshe," alisema Ponmalar.

Waliingia watatu kwenye chumba cha kuangalizia picha: yeye, Rangasami na Ilango. Mashine ikawashwa. Ponmalar alijiona amepiga magoti akiwa na sari ya dada yake, anatabasamu. Chini hapakuwa na mtu. Palikuwa na shada na shuka tu. Shuka lilipanda taratibu. Likashuka. Likapanda.

"Ni upepo," Ilango alisema. "Ni feni."

"Ulizizima mwenyewe," alisema Rangasami.

Ponmalar alisogea karibu na pazia, mkono mdomoni.

Kipande kikaisha. Pazia likabaki jeupe. Rangasami alizima mashine, akawasha taa za chumba, akafunga mlango upepo usiingie.

Sehemu ya chini ya pazia, katikati, kitambaa chake kilikuwa kinapanda na kushuka kama kifua.

Pazia lile liling'olewa wiki hiyohiyo, likawekwa jipya. Waliolitundika wanasema lilianza kupanda na kushuka hata kabla halijakazwa misumari yote.