Maili Hazihesabu Maji

Kila jioni lori la korosho liliporudi Ruangwa, Dionisia alipanda kwenye kiti cha dereva na kusoma saa ya maili. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la nne. Baba yake, Kornel, alikuwa dereva hodari lakini hakupata kusoma, kwa hiyo daftari la lori lilikuwa kazi ya bintiye. Kila zilipotimia maili mia tano, Dionisia alisema, "Baba, grisi," naye Kornel akaingia chini ya lori na bomba lake. Kwa Kornel, kilichoandikwa katika daftari lile hakikuwa na mjadala.

Siku ya mtihani wa darasa la nne, mwaka 1954, Kornel ndiye aliyetakiwa kuwapeleka watahiniwa tisa Nachingwea, Dionisia akiwa mmoja wao. Mtihani ulikuwa saa nne. Atakayeukosa angengoja mwaka mzima. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha wiki nzima, na barabara ilikuwa matope matupu.

Alfajiri Kornel alipolisogeza lori mbele ya shule, Dionisia alisikia springi zikilia, kwii, kwii. Akaona pia jinsi baba alivyouzungusha usukani kwa nguvu, kama mtu anayevuta mbuzi mkaidi. Lori liliposimama, aliinama akapitisha kidole kwenye pini ya springi. Kidole kilitoka na unga mwekundu wa kutu. Grisi hakuna.

"Baba, tutie grisi kwanza."

"Daftari linasemaje?"

"Bado maili mia mbili."

"Basi bado. Panda twende."

Rafiki yake Mwanne, aliyekwisha kupanda, alicheka. "We Dionisia, unakwenda kufanya mtihani au kufungua gereji? Utachafuka, na gauni lenyewe hilohilo moja!"

Wote wakaangua kicheko. Dionisia alisita. Akiwachelewesha, wenzake wangekosa mtihani kwa ajili yake. Akinyamaza na lori likakwama porini, wangeukosa vilevile.

"Baba, daftari nimeandika mimi, na hesabu ni sawa," alisema. "Lakini maili hazihesabu maji. Juzi ulivuka bonde la Likunja, maji yakafika kwenye ekseli. Jana umevuka tena. Grisi imeoshwa."

Mwalimu Seleman, aliyekuwa akiwasindikiza, alitazama saa yake. "Bwana Kornel, muda wenyewe ndio huu."

"Mwalimu, nipe dakika arobaini," Kornel alijibu. Alikuwa tayari anavua shati.

Dionisia alifuta matope kwenye matundu ya grisi, baba akasukuma bomba. Pini ya kwanza ilitema maji ya matope, kisha grisi nyeusi, mwisho grisi mpya, safi. "Hii imeshiba," Kornel alisema. Walipofika kwenye pini ya gurudumu la mbele, grisi ilikataa kuingia. Tundu lilikuwa limeziba. Kornel alilizibua kwa waya, akasukuma tena, akaona vipande vidogo vya chuma vikitoka pamoja na uchafu. Pini ilikuwa imeanza kulika.

"Ingetufikisha?" mwalimu aliuliza, amechuchumaa.

"Labda. Na labda ingetuacha njiani." Kornel alimgeukia bintiye. "Miaka kumi naendesha, mama, na leo nimelisikia lori likilia nikajitia kiziwi, eti daftari halijasema."

Waliondoka jua limeshapanda. Springi zilinyamaza, na Kornel aliugeuza usukani kwa urahisi kwenye kila kona ya utelezi. Walifika Nachingwea zimebaki dakika kumi.

Mlangoni Mwalimu Seleman aliwakusanya. "Mmeona wenyewe," alisema. "Hesabu ya Dionisia haikuwa na kosa. Hata hivyo hakuona haya kuitazama tena, mbele yenu mliokuwa mnamcheka. Bidii ndiyo hiyo. Humo ndani, ukishapata jibu usilipende mno kwa kuwa umeliandika wewe. Rudi kwenye swali, ulitazame kwa macho yako."

"Ndiyo, Mwalimu," waliitikia.

Mwanne alimshika Dionisia mkono, akaona kucha nyeusi kwa grisi. Hakucheka. Alimpangusa vidole kwa ncha ya khanga yake mwenyewe, kimoja kimoja, asije akachafua karatasi. Kisha kengele ikalia, wakaingia.